Unga wa Nafaka Kumi kwa Mtoto wa Miezi Sita?

Hivi nani katuambia uji wa mtoto lazima uwe na kila kinachoota ardhini? Juzi nimepita kwa mdogo wangu, nikakuta ndoo ya unga wa lishe, zawadi ya wifi yake: mahindi, ulezi, mtama, mchele, ngano, soya, ufuta, karanga, na dagaa juu yake. Mtoto ndiyo kwanza anaanza kula. Nikamuuliza, akitoka vipele utajua kimemdhuru kipi? Kimya.

Ugomvi wangu mkubwa ni sumukuvu, ile sumu inayotengenezwa na ukungu. Mahindi na karanga ndiyo maskani yake, hasa vikihifadhiwa na unyevu. Kuchemsha uji hakuiondoi. Mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yenye sumu hiyo. Karanga ukinunua nzima utazichambua, utatupa zilizosinyaa na zenye ukungu. Zikishasagwa na mtu mwingine unachambua nini, rangi ya mfuko? Na soya je, ilikaangwa kabla ya kwenda mashineni? Mashine haiulizi, inasaga tu.

Halafu uji wenyewe unatiwa maji mpaka upite kwenye chupa! Wengine wanatanua tundu la chuchu kwa sindano ya moto. Jamani, tumbo dogo lile unalijaza maji? Chakula cha mtoto kikae kwenye kijiko.

Na boga lipo sokoni. Chemsha kipande kwa maji kidogo, ponda kwa uma, lainisha kwa maziwa yako uliyokamua. Kesho kiazi, keshokutwa parachichi. Maini ya kuku yaive kabisa, uyapitishe kwenye chujio, uchanganye na kiazi. Akiba ya madini ya chuma aliyozaliwa nayo mtoto inakuwa inaisha umri huo. Bleenda si lazima.

Haya, nakubali: mama anayetoka Mbagala alfajiri kuwahi daladala hana muda wa kuponda boga. Basi na achanganye nafaka mbili tatu alizochambua mwenyewe. Asali asubiri mpaka mtoto atimize mwaka, hata bibi akinuna. Chumvi na sukari vilevile.

Na wewe unayetangaza kwenye status kwamba unga wako unanenepesha watoto ndani ya wiki mbili: sihitaji picha za mashavu. Nitajie umesagwa lini, na karanga umezitoa wapi.