Heksani, pareto na hesabu za kompyuta

Kila linapojadiliwa hapa Arusha suala la kusafisha viyeyusho kwa utando (ngozi nyembamba inayopitisha kiyeyusho na kuzuia kilichoyeyuka ndani yake) badala ya kuvichemsha, hazichelewi kusikika lawama kwamba anayeiga mchakato huo kwenye kompyuta anakwepa maabara, na kwamba michoro yake mizuri haijawahi kugusana na tone la kemikali. Lawama hiyo ina msingi, nami nitaifikia. Lakini inasahau swali ambalo modeli, yaani mfano huo wa kompyuta, hutengenezwa kulijibu.

Chukua pareto, zao linalofahamika katika miinuko ya kaskazini. Piretrini, yaani viambata vinavyoua wadudu, hutolewa kwenye maua makavu kwa kiyeyusho kiitwacho heksani, kisha heksani yenyewe huondolewa kwa joto. Lita moja ya heksani iliyokwisha kufikia nyuzi 69, kiwango chake cha kuchemka, bado inadai takriban kilojuli 220 ili igeuke mvuke. Kuisukuma lita hiyo ipite kwenye utando kwa shinikizo la bari 30 ni kazi ya kilojuli 3, au 6 ikiwa pampu inapoteza nusu ya nguvu zake. Hapo ndipo wapenzi wa utando hushangilia, na hushangilia mapema mno, kwa sababu umeme wa pampu na joto la boila havina bei moja. Kiwanda cha sukari kama TPC kule Moshi, ambacho huchoma makapi ya miwa yake, hakiwezi kulihesabu joto kama anavyolihesabu mtu anayenunua dizeli.

Kinachonivutia zaidi ni hesabu nyingine. Tuseme utando unazuia 95% ya piretrini, nasi tunataka lita 100 za mchanganyiko zipungue hadi 10. Wengi watadhani hasara ni 5%. Sivyo, kwa sababu kadiri mchanganyiko unavyozidi kuwa mzito ndivyo kila lita inayopita inavyobeba piretrini nyingi kuliko iliyotangulia, na mwisho wa kazi karibu 11% imeshavuka. Utando ukizuia 99%, kiasi hicho hushuka hadi kama 2.3%. Ni kweli kwamba heksani iliyovuka hurudishwa kwenye maua, kwa hiyo piretrini hiyo haimwagwi. Ila inarudi na kuzunguka, ikidhoofisha uwezo wa kiyeyusho kuchota nyingine. Hesabu hii inatosha karatasi moja, na kompyuta huiendeleza: huongeza shinikizo la osmosi linalopanda (nguvu ya mchanganyiko mzito kupinga kiyeyusho kisitoke), utando wa pili, na hatua ambapo ni nafuu kuzima pampu na kumalizia kwa joto. Kuyajaribu hayo yote kwa mkono kungehitaji mapipa ya heksani, kimiminika kinachoshika moto upesi, na tando za kuagiza nje zinazoharibika njiani.

Sasa upande wa pili. Ukiloweka kipande cha mpira wa silikoni, ambao hutumika kutengenezea tando, ndani ya heksani, urefu wake huongezeka kwa karibu 35%, maana yake ujazo wake unazidi maradufu. Modeli iliyorithi unene wa utando mkavu kutoka kwenye karatasi ya mtengenezaji itatoa jibu safi lisilo la kweli, na anayetazama skrini pekee hatalitambua. Uigaji wa molekuli mojamoja nao una mpaka wake: kila hatua yake ni kama femtosekunde moja, hivyo mikrosekunde moja tu (sehemu moja ya milioni ya sekunde) inadai hatua bilioni moja, ilhali utando kiwandani huchakaa kwa miezi.

Hata hivyo uvimbe huo hupimwa kwa rula na chupa yenye kifuniko, alasiri moja, na namba inayopatikana ndiyo inayoingizwa kwenye modeli. Kiwanda cha Beaumont, Texas, kilichoanza mwaka 1998 kurejesha kwa utando viyeyusho vya kuondolea nta kwenye mafuta ya kulainishia mitambo, kilijengwa baada ya majaribio ya muda mrefu, na wakosoaji wana haki ya kukitaja. Wanachoruka ni kwamba waliokijenga walikuwa na fedha za kukosea mara nyingi. Mwanafunzi wa chuo kule Tengeru, karibu na Arusha, mwenye vipande vitatu vya utando anahitaji kujua mapema ni majaribio gani matatu yanafaa kufanywa.