Ndoo ya maganda ndiyo somo lenyewe

Wazazi kadhaa wa Mbagala wananung'unika: watoto wanatoka shule na agizo la kupeleka chupa na maboksi kwa ajili ya somo la kurejeleza taka. Hoja yao si ndogo. Mtoto atatenganisha taka nyumbani, kisha gari litapita, litazoa zote kwa pamoja na kwenda kuzimwaga dampo la Pugu Kinyamwezi. Kajifunza nini hapo? Wengine wanasema sheria inatosha, kwani mifuko ya rambo ilipigwa marufuku Juni 1, 2019 bila kumsubiri mwalimu.

Somo likiishia kwenye maua ya plastiki ya kupamba ofisi ya mwalimu mkuu, hata mimi nitanung'unika. Ila nimekaa kwenye darasa la tano nikaona kingine. Mwalimu aliweka beseni la maji mezani, akakata chupa ya maji ya kunywa vipande vipande, akavitia pamoja na kifuniko chake. Vipande vikazama, kifuniko kikaelea. Watoto wa nyuma wakapanda juu ya madawati. Ni plastiki mbili tofauti, na hata wanaosaga chupa kiwandani huzitenganisha kwa maji vivyo hivyo.

Lakini kinachonikaa moyoni zaidi ni ndoo ya pili nyumbani, ile ya maganda, kando ya ile ya chupa na maboksi. Zaidi ya nusu ya taka za majumbani Dar es Salaam ni mabaki ya chakula na mimea: maganda ya ndizi, matumbo ya samaki, machicha ya nazi. Hayo ndiyo yanayooza na kuharibu vingine vyote. Boksi likishalowa maji ya dagaa, halina mnunuzi. Chupa iliyolala siku tatu ndani ya machicha inabidi ioshwe kwanza, na nani ana maji ya kuchezea? Machicha hayohayo yakichanganywa na majani makavu ni mboji ya mchicha. Yakifukiwa dampo pasipo hewa, yanatoa gesi ya methani. Hakuna sheria itakayoingia jikoni kuyatenga. Mtoto anayeosha vyombo jioni anaweza.

Na chupa haisubiri gari. Waokota chupa hupita alfajiri, wanafungua mifuko kwa mikono mitupu, wanapekua katikati ya pampasi zilizotumika. Nyumba iliyoweka chupa zake kando, kavu, inampunguzia mtu huyo hatari hiyo kila siku, na mzigo wake unafika kwenye mizani ukiwa safi.

Wazazi wako sahihi kabisa kwenye jambo moja: mtoto asitumwe kuokota mitaroni, kwenye sindano na vioo. Apeleke za kwao tu. Na siku mnunuzi akija shuleni, mwalimu aandike ubaoni kilo na bei, watoto wapige hesabu wenyewe, wazazi waone fedha imekwenda wapi.