Ini Ndani ya Kisima cha Sahani: Seli za Pande Tatu Zinaaminika kwa Kiasi Gani?

Mwaka 1993, katika Taasisi za Taifa za Afya za Marekani mjini Bethesda, wagonjwa 15 wa homa ya ini aina ya B walipewa dawa ya majaribio iitwayo fialuridini, ambayo wanyama walioipokea kabla yao hawakuwa wameonyesha dalili za kuharibika ini. Baada ya wiki kadhaa maini ya wagonjwa saba yalishindwa kufanya kazi. Watano walifariki, na wawili waliokolewa kwa kupandikizwa ini jingine. Baadaye ilibainika kwamba dawa hiyo huingia ndani ya mitokondria za binadamu, yaani sehemu za seli zinazozalisha nishati, kwa kupitia protini ya usafirishaji ambayo mitokondria za panya hazina, kisha huvuruga DNA iliyomo humo. Panya, basi, hakuweza kutoa ushahidi wa madhara ambayo mwili wake hauyapati.

Kisa hiki ni miongoni mwa hoja nzito za wanaotaka dawa zipimwe kwa seli za binadamu zilizokuzwa katika umbo la pande tatu. Seli za ini zikitandazwa juu ya plastiki bapa, ndani ya siku chache hupoteza sehemu kubwa ya vimeng'enya vinavyovunja dawa. Seli hizo hizo zikiwekwa katika kisima, yaani kishimo cha sahani ya maabara, chenye kitako cha mviringo kisichonata, hukusanyika zenyewe, hushikana na kuwa kitufe kidogo kiitwacho sferoidi, kinachoendelea kufanya kazi za ini kwa wiki kadhaa. Mwaka 2016 watafiti wa Taasisi ya Karolinska, Sweden, walionyesha kwamba sumu ya fialuridini hujitokeza katika sferoidi zinazopewa dawa hiyo kwa kurudiarudia. Umbo ndilo linalosifiwa zaidi, lakini kwa maoni yangu faida kubwa iko kwenye muda: sumu inayochelewa haiwezi kugunduliwa na seli ambazo zimekwisha kuacha kufanya kazi kabla sumu haijajitokeza.

Hata hivyo, umbo hilo huja na tatizo lake. Oksijeni hupenya ndani ya tishu isiyo na mishipa ya damu kwa takriban milimita 0.1 hadi 0.2 tu, hivyo kitufe kikizidi kukua, seli za katikati hufa. Kwa anayechunguza saratani hilo lina manufaa, kwa sababu uvimbe halisi nao huwa na kiini kilichokosa hewa, na dawa inayoua seli za juu pekee hufichuka mapema. Kwa anayepima sumu katika ini ni mtego, maana anaweza kuibebesha dawa lawama ya vifo ambavyo haikuvisababisha.

Ugumu mwingine uko kwenye jeli zinazotumika kushikilia seli. Iliyoenea zaidi, Matrigel, hutokana na uvimbe wa saratani ya panya. Huhifadhiwa kwenye barafu, na hata ncha za pipeti hupozwa kabla ya kuigusa, kwa kuwa ikipata joto huganda pale pale. Muundo wake hutofautiana kati ya shehena moja na nyingine, kiasi kwamba maabara mbili zinazofuata maelekezo yale yale zinaweza kupata majibu yasiyolingana. Mnyama aliyekusudiwa kuondolewa anabaki ndani ya jaribio, tena katika sehemu isiyodhibitika vizuri.

Katika biomateria, yaani vifaa vinavyotengenezwa ili viwekwe mwilini, hali inatofautiana. Kipimo cha kawaida cha sumu, kilichowekwa na kiwango cha kimataifa ISO 10993-5, mara nyingi hutumia tabaka bapa la seli za panya zinazowekewa maji yaliyochujwa kutoka kwenye kipandikizi. Zikibaki hai chini ya asilimia 70 ya zile za ulinganisho, kipandikizi huhesabiwa kuwa na sumu. Kipimo hicho kinajua kama kuna sumu inayovuja, lakini hakijui kama seli za mfupa zitaingia ndani ya matundu ya kiunzi, yaani kipandikizi chenye vitundu cha kushikilia seli, na kuishi humo. Hapo ukuzaji wa seli wa pande tatu unastahili nafasi, ingawa usipokuwa na seli za kinga hautaonyesha jinsi mwili unavyokizingira kitu kigeni kwa kovu. Mafanikio ya wazi yamepatikana kwenye ngozi: kiwango cha ISO 10993-23 cha mwaka 2021 kinatanguliza ngozi ya binadamu iliyojengwa maabara mbele ya sungura katika kupima mwasho. Imewezekana kwa sababu swali lilikuwa jembamba, na jibu lake lilithibitishwa katika maabara nyingi.

Sheria iliyotiwa saini Marekani Desemba 2022 iliondoa sharti la mwaka 1938 la kupima dawa kwa wanyama. Naunga mkono hatua hiyo, lakini ruhusa ya kisheria haithibitishi kipimo. Sferoidi ya ini haina utumbo, figo wala mzunguko wa damu.

Kwa wasomaji wa Afrika Mashariki kuna swali zaidi: ini hilo ni la nani? Efavirenzi, dawa ya VVU iliyotumika sana kwetu, huvunjwa na kimeng'enya CYP2B6, na umbo la jeni linaloifanya kazi hiyo iende polepole linapatikana kwa wingi miongoni mwa Waafrika, hivyo dawa hujaa mwilini. Sferoidi za seli zilizotolewa na watu wasio na umbo hilo hazitaonyesha hatari hiyo, hata zikikuzwa kwa ustadi wote. Ripoti inayotangaza kwamba dawa ni salama kwa ini la binadamu itaje watu waliotoa seli walikuwa wangapi, na walibeba maumbo gani ya jeni hiyo.