Mtafiti na soko: tusimbebeshe mwanafunzi mmoja kila kitu

Tengeru, nje kidogo ya jiji la Arusha, kuna chuo kikuu kisichofundisha shahada ya kwanza. Taasisi ya Sayansi na Teknolojia ya Afrika ya Nelson Mandela, inayojulikana zaidi kwa kifupi cha NM-AIST, ilizinduliwa rasmi na Rais Jakaya Kikwete mwaka 2012. Inatoa shahada za umahiri (masters) na uzamivu (PhD) tu. Wanaosomea maji, nishati, kilimo, lishe na tehama wako chini ya paa moja, na pembeni yao kuna skuli ya biashara na sayansi za jamii. Wazo lenyewe ni la wazi: elimu ya juu ya sayansi iitumikie jamii na viwanda, na mhitimu aweze kutoka maabara akiwa na kitu cha kupeleka sokoni.

Wanaolisifu wazo hili na wanaolipinga huwa wanazungumza kana kwamba ni jambo moja. Mimi naona ni mawili. Kuchanganya fani ni jambo moja. Kumtaka kila mtafiti awe mjasiriamali ni jingine. La kwanza nalitetea. La pili linanitia wasiwasi.

Chukua floraidi, madini yanayopatikana kwenye maji. Sehemu nyingi za Arusha, Kilimanjaro na Manyara zina maji yaliyopita kwenye miamba ya volkano, na maji hayo hubeba floraidi kupita kiasi. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita, na kuzunguka Mlima Meru vipo vyanzo vinavyozidi kiwango hicho mara nyingi. Matokeo yake yanaonekana kwa macho: watoto hukua na meno ya kahawia, na waliokunywa maji yenye floraidi nyingi kwa miaka mingi mifupa yao hudhurika, wengine wakapinda miguu. Kuchemsha hakusaidii. Maji hupungua kwa mvuke, floraidi ikabaki palepale ndani ya sufuria.

Mkemia atasema jibu lipo. Mkaa wa mifupa ya wanyama hunasa floraidi, na kituo cha utafiti cha Ngurdoto, kilicho chini ya Wizara ya Maji, kimeufanyia kazi kwa miaka mingi. Ni kweli. Ila mkaa huo ukifika kijijini, maswali yanayofuata si ya kemia tena. Mifupa ni ya mnyama gani? Kuna waumini ambao hawatakunywa maji hayo mpaka wajibiwe, na wana haki ya kujibiwa. Mkaa ukichoka, nani ataubadilisha, na kwa bei gani? Na mama mwenye nyumba atajuaje kwamba umechoka, wakati floraidi haina rangi, harufu wala ladha ya kumwonya?

Kisha kuna magadi. Tafiti zilizofanywa Tanzania zimeonyesha kuwa magadi tunayotia kwenye maharage, makande na mboga ili yalainike haraka nayo huwa na floraidi. Maana yake ni kwamba mtaalamu wa maji anaweza kusafisha kisima cha kijiji kizima, akapima, akaandika ripoti nzuri, na mtoto akaendelea kuila floraidi ileile kwenye chakula cha jioni. Anayejua mambo ya jikoni ni mtu wa lishe. Anayejua kwa nini magadi hayaachwi, pengine kwa sababu ya bei ya kuni na muda wa kupika, ni mtu wa sayansi ya jamii. Hapa sioni namna fani moja ingeweza kulimaliza tatizo hili peke yake, hata ingekuwa na vifaa vya kisasa kiasi gani.

Wakosoaji wa kuchanganya fani wana hoja nzito, na haifai kuipuuza. Wanasema mshika mbili moja humponyoka. Umahiri ni miaka 2. Toa miezi ya darasani, toa muda wa kusubiri kemikali zilizoagizwa nje, toa wiki ambazo mashine ya kupimia imeharibika na fundi wake yuko mbali. Muda wa utafiti wenyewe unaobaki ni mfupi, na kila somo linaloongezwa linaumega.

Hata mfano ambao watetezi wanaupenda kuliko yote unaweza kusomwa kwa upande huo. Mwaka 2015 Askwar Hilonga, mhadhiri wa NM-AIST na mzaliwa wa Gongali wilayani Karatu, alishinda tuzo ya kwanza ya Afrika ya ubunifu wa kihandisi inayotolewa na Royal Academy of Engineering ya Uingereza, pauni 25,000. Chujio lake linaunganisha mchanga na chembechembe ndogo mno za nano, na linaweza kutengenezwa kulingana na uchafu wa maji ya mahali husika. Fani zimekutana hapo, bila shaka. Lakini Hilonga alifika Tengeru akiwa na uzamivu wa teknolojia ya nano alioupata Korea Kusini. Kina kilitangulia, upana ukafuata.

Nakubaliana na wakosoaji kwa hilo, ila silifuati hadi wanakolifikisha. Linachothibitisha ni kwamba kichwa cha mtu mmoja hakihitaji kubeba fani zote. Timu ndiyo inayopaswa kuwa mtambuka. Mkemia abaki mkemia, lakini awe amekaa na mtu wa lishe kiasi cha kujua amuulize nini.

Ujasiriamali una utetezi wake pia. Nafasi za ajira hazitoshi, na tasnifu nyingi zinaishia kabatini. Mwanafunzi aliyefikiria bei tangu mwanzo atachagua malighafi inayopatikana soko la Kilombero jijini Arusha badala ya inayosafirishwa kutoka ng'ambo, na uamuzi huo mmoja unaweza kuokoa kazi yake yote. Hilo ni faida ya kweli ya kisayansi, achilia mbali biashara.

Tatizo ni pale kanuni zinapogongana juu ya kichwa cha mwanafunzi. Wa uzamivu anatakiwa achapishe makala kwenye majarida. Sheria ya hataza, yaani haki ya mvumbuzi juu ya uvumbuzi wake, nayo inadai uvumbuzi uwe mpya, kwa hiyo anayewahi kuutangaza kabla ya kupeleka maombi BRELA, wakala wa usajili wa biashara na leseni, anajiweka kwenye hatari ya kuupoteza. Msimamizi wake anapandishwa cheo kwa machapisho, hivyo atamhimiza aandike. Anayetaka kuuza atahitaji vipimo vya TBS (Shirika la Viwango), kusajili kampuni na mtaji, na yeye ndiye mwenye kipato kidogo kuliko wote waliomzunguka. Tunamkabidhi kijana hatari ambayo chuo, wizara na benki wameikwepa, halafu tunaita hiyo elimu ya kujitegemea.

Kuna hatari nyingine inayonisumbua zaidi. Wanaodhurika zaidi na floraidi ni watu wasio na fedha za kununua chujio. Mtafiti akipimwa kwa mauzo, ataacha tatizo lao aende kutengeneza programu ya simu kwa wakazi wa mjini. Hatakuwa amekosea, kwa kuwa tutakuwa tumemwelekeza huko wenyewe.

Ningependa kila tasnifu ya tatizo kama hili iwe na msimamizi wa pili kutoka fani nyingine, mwenye sauti kamili kwenye utahini. Masomo ya gharama, viwango na hataza yabaki kwa wote, mafupi, na ombi la hataza litangulie makala. Kuanzisha kampuni kuwe hiari baada ya kuhitimu, mwaka mmoja kwenye kiatamizi, yaani kituo cha kulea kampuni changa, kwa posho ya kueleweka, na kampuni ikianguka mhitimu asidaiwe. Na chujio lililopita TBS na linalofanya kazi kijijini lihesabiwe kwenye kupanda cheo kwa mhadhiri, sawa na makala. Bila hilo la mwisho, hakuna msimamizi atakayekuwa na sababu ya kumwambia mwanafunzi wake asubiri kuchapisha.