Mionzi inaua askari wa mwili: je, tuikatae?

Baba mkubwa alipoambiwa kidonda cha ulimi wake ni saratani, kikao cha familia pale Urambo kilichukua siku mbili. Amelima tumbaku na kuivuta tangu ujana. Waliompinga asiende hospitali ya Bugando, Mwanza, walikuwa na hoja moja: mionzi na dripu za kemo zinamaliza kinga, na asiye na kinga ataponaje?

Nusu ya hoja hiyo ni kweli, na inaniuma kuona wanaoitoa wanaitwa wajinga. Limfosaiti, chembe nyeupe zinazowinda seli za saratani, hufa kwa mionzi kidogo sana, isiyoweza hata kuutikisa uvimbe. Dozi ya kawaida kwa saratani hii ni gray 70 (gray ni kipimo cha mionzi), ikigawanywa mara 35 ndani ya wiki saba, na kila siku damu inapita shingoni mashine ikipiga. Shingo ndiyo imejaa tezi za limfu, ambamo chembe hizo hufundishwa adui ni nani. Nazo hupigwa kwa makusudi, hata zinazoonekana nzima, kwa kuhofia saratani imeshajificha humo. Sisplatini, dawa kuu ya kemo hapa, nayo huudhoofisha uboho unaotengeneza damu. Wiki ya tano ya tiba niliishika karatasi ya vipimo vya baba mkubwa: mstari wa limfosaiti ulikuwa umezungushiwa kalamu nyekundu.

Lakini seli ya saratani inayouawa na mionzi haifi kimya. Humwaga vipande vyake pamoja na ishara za hatari, chembe za doria zikaviokota na kwenda kuwaonyesha askari, yaani limfosaiti. Kwa hiyo tiba inayoua askari ndiyo hiyohiyo inayomfichua adui. Uvimbe nao hujibu kwa kukanyaga breki za kinga, yaani ishara zinazowazuia askari wasishambulie.

Watafiti wakasema basi, tuziachie breki hizo wakati uleule wa mionzi na kemo. Dawa mbili za kuachia breki zikajaribiwa: avelumabu kwa wagonjwa 697, pembrolizumabu kwa 804. Zote mbili hazikuonyesha faida ya kutegemewa. Mwaka 2025 yakatoka matokeo mengine: wagonjwa 714, pembrolizumabu ikianza kabla ya upasuaji na kuendelea baadaye. Baada ya miaka 3, kama 58 kati ya 100 walikuwa hai bila ugonjwa kurudi wala kuendelea, dhidi ya 46 waliopata tiba ya kawaida. Mimi nasoma hapo umuhimu wa mpangilio: kinga ilifundishwa tezi zikiwa bado nzima.

Bei ya dawa hiyo haimfikii mkulima wa Urambo. Alichonacho ni mionzi na sisplatini, na kuiongeza kemo juu ya mionzi kunaokoa takribani watu 6 au 7 zaidi kati ya 100 kwa kipimo cha miaka 5. Ni wachache, ila ni watu.

Shangazi ndiye aliyekuwa mgumu kuliko wote. Nikamwambia: shangazi, kinga tunayotaka kuilinda ndiyo iliyokiangalia kidonda hiki kikikua miezi yote hii bila kukizuia. Alinyamaza kitambo, akajifunga khanga upya, akauliza basi la Mwanza linaondoka saa ngapi.