Bustani za Dodoma zipimwe kwa kivuli cha saa 8 mchana

Mgeni akiuliza Dodoma aende wapi Jumapili, jibu huwa fupi: uwanja wa Nyerere Square akapige picha, au bustani ya Chinangali watoto wakacheze. Vilima vya mawe vinavyouzunguka mji, mibuyu iliyosimama katikati ya viwanja na migunga ya kando ya makorongo havihesabiwi. Hilo ni pori tu. Kutoka hapo ni hatua moja kusema mji mkuu unahitaji bustani nyingi za ukoka, maua na chemchemi za kurusha maji juu. Hoja hiyo ina uzito wake. Ila wanaotetea sura kame ya Dodoma, yaani vilima na miti hiyo ya pori, huchukuliwa kama watu wasiotaka bustani, wakati wanachouliza ni maji yatatoka wapi na nani atakaa juani.

Tupige hesabu, maana ndiyo inayorukwa. Milimita 1 ya maji juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Ukoka ulio juani, kipindi cha kiangazi upepo ukivuma, unahitaji karibu milimita 5 kwa siku ili ubaki kijani. Bustani ya mita 100 kwa 100, yaani hekta 1, inataka lita 50,000 kwa siku. Hayo ni madumu 2,500 ya lita 20, kila siku. Mvua za Dodoma, ambazo kwa mwaka mzima ni kama milimita 600 tu, hukatika Aprili na kurudi Desemba. Ukihesabu siku 200 pekee za ukame, hekta moja imekunywa lita milioni 10. Tena hapo tumechukulia kwamba kila tone limefika kwenye mizizi. Ukimwagilia kwa mpira saa 6 mchana, sehemu kubwa inapotea hewani.

Maji hayo yanatoka wapi? Kwa miaka mingi mji umetegemea visima vya Mzakwe. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 410,956 katika Dodoma Mjini. Ya 2022 ikahesabu 765,179. Mama anayeamka usiku kukinga maji ya mgao ana haki ya kuuliza madumu hayo 2,500 yanakwenda wapi.

Kuna anayesema basi tumwagilie nusu. Hapo ndipo bustani nyingi zinapofia. Ukoka wa maji nusu hukauka mabakamabaka. Watu hukatiza kwenye sehemu zilizokufa, na miguu inaushindilia udongo hadi unakuwa mgumu kama sakafu. Septemba upepo unanyanyua vumbi, kisha mvua ya kwanza kubwa inausomba udongo ule na kuujaza kwenye mitaro. Mwaka unaofuata ukoka unanunuliwa na kupandwa upya.

Sasa chukua hekta ileile, panda miti 100 kwa nafasi ya mita 10. Mche ukipewa lita 20 mara mbili kwa wiki, yote 100 inakunywa lita 4,000 kwa wiki. Ukoka ungekunywa 350,000. Na miti haidai hivyo milele: kiangazi cha kwanza na cha pili ndivyo vigumu, baada ya hapo mti uliochaguliwa vizuri unajitafutia chini. Mti uliokomaa wenye mwavuli wa mita 10 unafunika mita za mraba 78, kwa hiyo miti 100 inafunika zaidi ya robo tatu ya hekta kwa kivuli.

Mtu atakumbusha miche mingi iliyopandwa kwa shangwe ikafa. Ni kweli, na sababu zake zinajulikana. Hupandwa Machi mwishoni, mvua inaaga, badala ya Desemba au Januari udongo ukishalowa. Shimo linakuwa la jembe moja badala ya sentimita 60 kwa 60, udongo wa juu haukutengwa kuchanganywa na samadi iliyooza. Kiriba, yaani mfuko wa plastiki wa mche, hakikuchanwa, mizizi ikajizungusha humo ndani. Halafu mbuzi wa jirani, kisha mchwa. Beseni la udongo kuzunguka shina, uzio wa miiba na mtu mmoja anayelipwa kupita na toroli la maji vinatibu karibu yote haya.

Aina ya mti nayo ni muhimu, na hapa watetezi wa ukame wakati mwingine wanazidisha. Mbuyu ni mzuri, lakini kiangazi unapukutisha majani, kivuli kinatoweka wakati kinatakiwa. Mgunga unadondosha miiba inayopenya kandambili. Mwarobaini una kivuli kizito mwaka mzima, ingawa asili yake ni Asia ya Kusini. Mkababu una tabia ya ajabu: unavaa majani kiangazi na kuyapukutisha masika, kinyume na mingine. Kwa mji kama huu, huo ungepaswa kuwa wa kwanza kwenye orodha.

Upande wa ukoka nao una mambo ambayo kivuli pekee hakiyajibu. Mtoto anayetambaa hawezi kuwekwa kwenye changarawe. Mwenye kiti cha magurudumu hapandi kilima. Bustani iliyojengwa ina taa, vyoo na mlinzi, na mwanamke anaweza kukaa pale hadi saa 2 usiku bila wasiwasi. Vumbi nalo lina madhara yake kwa macho na vifua. Hayo yote nayakubali, ndiyo maana eneo la ukoka la mita za mraba 1,000 pembeni ya bembea, linalomwagiliwa jioni kwa majitaka yaliyosafishwa, ni jambo la busara. Hekta nzima ya kutazamwa tu kutoka barabarani siyo.

Vilima viachwe vilivyo, ila vifikike. Mpango Kabambe wa 1976, ramani ya kuujenga mji mkuu, ulivichukulia kama sehemu ya sura ya mji, na nyumba zinazidi kuvipanda. Vinahitaji mawe ya mipaka, njia moja iliyowekwa alama, choo pale chini na pipa la taka. Anayetaka kupanda leo aulize kwanza serikali ya mtaa, maana vingine vina minara au vinapakana na maeneo ambayo hayaruhusiwi kupigwa picha. Aende saa 12 asubuhi, mchana mwamba unaunguza. Avae viatu vyenye meno, abebe lita 2 za maji, aepuke nyufa zenye nyuki. Atakutana na pimbi wakiota jua, na kwenye matundu ya mibuyu kasuku wadogo wenye kichwa cheusi na shingo ya manjano.

Na kati ya Oktoba na Desemba, mvua haijanyesha, asimame chini ya mbuyu jua linapozama. Tumba la kijani lililoning'inia linapasuka, petali nyeupe zinajikunja nyuma, popo wanaanza kufika. Asubuhi ua limenyauka, linaanza kuwa la kahawia, na haikuhitajika hata lita moja ya bomba.