Fonti za maandishi zitoke, za alama zibaki

Msimu uliopita wa korosho, karani wa chama kimoja cha msingi huku Mtwara alinipigia asubuhi ya siku ya mnada. "Mwanangu, vitufe vyako vimegeuka visanduku." Nikadandia bodaboda. Kweli: penye picha ya karatasi ya stakabadhi pana kisanduku kitupu, penye pipa la kufutia pana pacha wake. Picha ya printa ilionekana vizuri tu, na hilo ndilo lililonichanganya.

Kosa lilikuwa langu. Nilipoifungasha programu ile anayoifungua karani kwenye kivinjari kuwa kifurushi cha Debian, mfumo huria wa kompyuta wa jamii ya Linux, niliifuata kanuni yao kama msahafu: usibebe ndani kitu ambacho mfumo unacho tayari. Nikafuta fonti zilizokuja nayo, nikaweka viungo, yaani njia za mkato, vya kuelekea /usr/share/fonts, mfumo unakohifadhi fonti zake. Programu iliandikwa kwa Font Awesome 5, fonti ya alama: badala ya herufi ina picha ndogo za vitufe. Kifurushi cha Debian cha fonti hiyo nacho, ukisoma namba yake haraka, kinaanza na 5.0.10, endelea kusoma utaona wamekiri hapohapo kwamba kilichomo ni 4.7.0. Walishapanda hadi toleo la 5, wakateremka. Alama za zamani, kama printa, zipo katika matoleo yote mawili. Zilizozaliwa na toleo la 5 hazipo, na kivinjari kikikosa umbo huchora kisanduku.

Ndiyo maana nasema fonti hizi si za aina moja. Fonti ya maandishi itoe bila huruma. Kiswahili chetu kinaandikika kwa fonti ya DejaVu, kwa Noto, kwa yoyote; herufi ikinenepa kidogo hakuna gunia litakalopotea. Tena nyingi zinazobebwa ndani ya programu hazina hata faili la leseni. Kiungo tu usikisahau: kivinjari cha karani hakichungulii fonti za seva, lazima faili lipelekwe kwake pamoja na ukurasa.

Fonti ya alama ni sehemu ya programu yenyewe, kama msimbo. Kila picha ndani yake ina namba, na namba fulani ni pipa kwa sababu toleo fulani limeamua hivyo. Iache ndani, na leseni yake kando; leseni hiyo, OFL 1.1, ni leseni huria ya fonti na inaruhusu kabisa fonti kusambazwa pamoja na programu. Najua wazee wa Debian watanuna, na wa Fedora pia.

Wapo wanaosema tusibebe chochote, tuvute fonti kutoka seva za Google. Hao Mei 12, 2024, nyaya za EASSy na SEACOM zilipopata hitilafu baharini na intaneti ikayumba nchi nzima, sijui walikuwa wapi. Ghala haliwezi kusubiri bahari.

Nilirudisha fonti ya alama ndani ya kifurushi, nikaongeza na maneno pembeni: "Stakabadhi", "Futa". Karani akatazama, akasema hayo maneno yanamtosha, picha ningeziondoa tu. Sijamjibu bado.